York: Mji wa Kusoma kwa Miguu

Wenzetu wengi wanaobahatika kwenda kusoma Uingereza hurudi na picha zilezile: saa kubwa ya London, basi jekundu, na daraja. Sawa, si vibaya. Ila kama utawahi kuwa kule na ukapata siku moja ya mapumziko na nauli ya treni, nakushauri uende York, mji wa kaskazini wenye kanisa kuu ambalo kazi ya kulijenga ilichukua zaidi ya miaka 250. Kutoka stesheni ya King's Cross, London, ni kama saa mbili kwa treni ya haraka. Mji wa kale wenyewe ni mdogo, unauzunguka kwa miguu bila kupanda basi hata moja.

Orodha ya vivutio utaipata kwenye kipeperushi chochote pale stesheni, kwa hiyo sitakuandikia orodha. Ninachotaka tujifunze hapa ni namna ya kuusoma mji wa kale kama tunavyosoma chanzo chochote cha historia darasani. Swali la kubeba mfukoni ni moja: hili ninaloliona, lilikuwepo siku tukio lilipotokea? Mimi nilifika York mara ya kwanza mwezi Machi, na koti la kuazima, nikidhani naona mambo ya kale tupu. Nilipoanza kuuliza swali hilo nikakuta karibu kila mahali jibu ni "hapana" au "nusu tu". Hapo ndipo safari ilipoanza kunoga.

Kwanza tuweke sawa lugha, maana itakupoteza. Waviking waliuteka mji huu mwaka 866, nao wakauita Jorvik. Katika lugha yao neno gata lilikuwa na maana ya njia, na hadi leo mitaa ya York inaishia na "gate": Stonegate, Coppergate, Micklegate. Kumbe si geti, ni mtaa. Geti lenyewe, yaani lango la mji, huitwa "bar". Kwa hiyo mtu akikwambia mkutane Bootham Bar, usiende ukitafuta bia. Pale ni lango la mawe. (Kuna kichochoro kimoja kifupi kuliko mitaa yote ya mji, nacho kinaitwa Whip-Ma-Whop-Ma-Gate. Jina refu kuliko mtaa.)

Anzia hapohapo Bootham Bar, upande ngazi uingie juu ya ukuta wa mji. Ni bure, na kwa mwanafunzi anayesubiri boom hilo si neno dogo. Kuta za York zina urefu wa zaidi ya kilomita tatu, na ndizo ndefu kuliko kuta zote za miji ya zama za kati zilizobaki England. Kipande cha kutoka Bootham Bar hadi Monk Bar ndicho bora. Kanisa kuu linakuwa mkono wako wa kulia, bustani za nyuma za watu ziko chini yako. Angalia tu miguu, maana sehemu nyingine hazina kizuizi upande wa ndani, na jioni malango ya kupandia hufungwa.

Sasa uliza lile swali letu. Chini kabisa, katika baadhi ya sehemu, kuna mawe ya Warumi walioanzisha mji huu mwaka 71 wakauita Eboracum. Juu yake kuna tuta la udongo, juu ya tuta kuna ukuta wa zama za kati, na njia unayotembea juu yake imekarabatiwa sana katika karne ya 19. Tena nusura isiwepo. Mwanzoni mwa karne hiyo wakuu wa mji wenyewe walitaka kuzibomoa kuta, kwamba zinabana njia na kutunza ni gharama. Baadhi ya ngome ndogo zilizotokeza mbele ya malango zilivunjwa kweli. Iliyosalia ni moja, ya Walmgate Bar. Miongoni mwa waliopiga kelele mpaka kuta zikaachwa ni mchoraji William Etty, mzaliwa wa hapohapo. Kwa hiyo unapopiga picha ukuta "wa kale", unapiga pia picha ya ugomvi wa halmashauri ambao upande mmoja ulishinda.

Shuka uende kwenye bustani za makumbusho, Museum Gardens. Pale kuna mnara wa pembe nyingi wa Warumi, chini ni mawe madogomadogo ya Kirumi, juu mawe makubwa ya zama za kati. Hata asiyesoma historia anaona mpaka. Pia kuna magofu ya abasia ya St Mary's, iliyofungwa mwaka 1539 wakati wa Mfalme Henry wa Nane, na nyumba aliyokaa mkuu wa watawa wake, King's Manor, ambayo leo inatumiwa na Chuo Kikuu cha York. Yaani wenzetu wanasoma mle. Ni jambo la kuonea wivu, hasa ukikumbuka kumbi zetu za mihadhara.

Ila hapa bustanini kilichonisimamisha ni mwanamke mmoja. Mwaka 1901, katika mtaa wa Sycamore Terrace, lilifukuliwa jeneza la jiwe la karne ya nne. Ndani alilala mwanamke kijana, na pamoja naye bangili za jiwe jeusi liitwalo jeti na bangili nyingine za pembe za ndovu, kioo cha kujitazamia, chupa ya bilauri ya buluu, na kipande cha mfupa kilichochongwa maneno ya Kilatini yanayomsalimu dada na kumwombea aishi katika Mungu. Mali zile zinaonyesha alikuwa mtu wa kipato. Vitu vyake vimo katika Yorkshire Museum, hapohapo bustanini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walichapisha uchunguzi wao baada ya kupima fuvu lake na kemia ya meno yake: inaelekea alikuwa na asili mchanganyiko, huenda sehemu yake ni Afrika Kaskazini. Tuseme kwa uangalifu kama wao walivyosema, "huenda". Vipimo vya fuvu si cheti cha kuzaliwa. Lakini zingatia kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja mifupa ile ilikuwepo na hakuna aliyeiuliza swali hilo.

Na hakupaswa kuwa wa ajabu. Kaisari Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja Uingereza mwaka 208 na mkewe Julia Domna, mtu wa Syria, akaendesha dola nzima ya Kirumi akiwa York, na akafia hapohapo mwaka 211. Mwafrika alitawala kutokea hapa kabla hapajawa na nchi iitwayo England. Hata hivyo sanamu kubwa utakayoiona nje ya kanisa kuu, ya mtu aliyeketi na upanga, si yake. Ni ya Konstantino, ambaye askari walimtangaza kuwa kaisari katika mji huu mwaka 306. Sanamu yenyewe ni ya mwaka 1998. Karibu nayo imesimama nguzo ya Kirumi iliyochimbuliwa chini ya kanisa. Wenyeji husema walioisimamisha upya waliiweka kichwa chini miguu juu.

Haya, tuingie kanisa kuu, York Minster. Kuingia kama mtalii ni kwa tiketi, lakini anayekuja kusali hatozwi, na sala ya jioni ya kuimbwa iko wazi kwa yeyote. Mimi niliingia mara zote mbili, na nakiri nililisikia kanisa vizuri zaidi nilipokuwa nimekaa kimya kuliko nilipokuwa nazunguka na kipeperushi.

Jengo unaloliona lilianza kujengwa karibu mwaka 1220 chini ya Askofu Mkuu Walter de Gray, likawekwa wakfu kuwa limekamilika mwaka 1472. Fundi aliyechonga jiwe la kwanza hakuliona la mwisho, wala mjukuu wake. Katikati ya kazi, mwaka 1407, mnara wa kati ukaanguka, wakaanza upya. Upande wa mashariki kuna dirisha la vioo vya rangi lenye ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi, zaidi ya vipande vikuu 300, likisimulia kuumbwa kwa dunia na mwisho wake. Lilitengenezwa na fundi John Thornton wa Coventry, mwaka 1405 hadi 1408. Mkataba wake ulikuwa na jambo ambalo wanaosoma manunuzi na usimamizi wa miradi watalipenda: malipo kwa muda wa kazi, na pauni 10 za ziada akimaliza kwa wakati. Alimaliza, akalipwa jumla ya pauni 56. Ukarabati wa dirisha hilohilo katika zama zetu ulichukua zaidi ya miaka kumi, ukaisha 2018.

Kisha nenda mkono wa kusini wa kanisa uangalie dari. Usiku wa tarehe 9 Julai 1984 paa la upande huu liliteketea. Chanzo kinachotajwa ni radi. Dari ilipojengwa upya, kipindi kimoja cha watoto cha televisheni kiliendesha shindano, na michoro sita ya washindi ikachongwa kwenye mbao za dari. Tazama vizuri utamwona mtu akitua mwezini. Nilimwona mgeni mmoja akimwambia mwenzake kwamba dari lote ni la karne ya 13. Nilinyamaza, lakini nilitamani kumwonyesha yule mtu wa mwezini.

Usiondoke bila kushuka chini. Mwaka 1967 wahandisi waligundua kwamba mnara wa kati, wenye uzito wa maelfu ya tani, ulikuwa unahatarisha kanisa zima kwa sababu misingi yake ilikuwa inachoka. Wakachimba, wakaifunga misingi ile kwa zege na vyuma, kazi iliyokwisha 1972. Walipokuwa wakichimba wakakutana na makao makuu ya jeshi la Kirumi, na misingi ya kanisa jingine lililotangulia, lile la Wanormani. Hilo kanisa lililotangulia tafadhali likumbuke, tutarudi kwake.

Mtaa wa Shambles nitaupita haraka, maana kila mtu atakupeleka huko hata usipotaka. Ulikuwa mtaa wa mabucha. Bado utaona ndoano za kutundikia nyama na rafu za mbao chini ya madirisha, na ghorofa za juu zimeinama mpaka zinakaribia kugusana. Leo umejaa watu wanaotafuta mambo ya Harry Potter, ingawa filamu zile hazikupigwa pale. Mle mtaani kuna kijichumba cha ibada cha Margaret Clitherow, mke wa mwenye bucha, aliyeficha mapadri Wakatoliki wakati ilipokuwa kosa la jinai. Alikataa kujibu mashtaka ili watoto wake wasilazimishwe kutoa ushahidi, na adhabu ya kukataa ilikuwa kukandamizwa kwa mawe mpaka kufa. Ilitekelezwa tarehe 25 Machi 1586. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1970. Watu huingia, huwasha mshumaa, hulia. Na wanahistoria sasa wanaona kwamba nyumba yake haikuwa ile. Inaelekea ilikuwa upande wa pili wa mtaa. Sioni kama mishumaa ile imepotea, lakini ukiandika insha, andika nyumba sahihi.

Ukipata nafasi ingia pia jumba la chama cha wafanyabiashara, Merchant Adventurers' Hall, lililoanza kujengwa 1357. Juu walifanya biashara, chini walitunza maskini na wagonjwa. Mbao zake ni zilezile. Hapa swali letu linajibiwa "ndiyo", ndiyo maana nalipenda.

Mwisho wa siku nenda Clifford's Tower, na usiende ukiwa umechoka sana. Ni mnara wa mawe juu ya kilima cha kijani, mzuri, picha yake iko kwenye kila kadi. Kilima kilitengenezwa kwa mikono, wakati William Mshindi alipojenga ngome hapa 1068. Mwezi Machi nyasi zake hufunikwa na maua ya manjano, na watoto hukimbia juu na chini.

Usiku wa Ijumaa tarehe 16 Machi 1190, juu ya kilima hicho, walikufa Wayahudi wapatao 150, wake kwa waume na watoto, yaani karibu jamii yote ya Wayahudi wa York.

Ili uelewe, anzia kwenye madeni. Kanisa lilikataza Wakristo kukopesha kwa riba. Wayahudi walizuiliwa kazi nyingi lakini hiyo ya kukopesha waliweza, nao walikuwa chini ya ulinzi wa mfalme, ambaye aliwatoza kodi nzito. Kwa maneno mengine mfalme alikula riba kwa mkono wa mwingine, na lawama zikabaki kwa yule mwingine. Makabaila wa Yorkshire walikopa, hata nyumba za watawa zilikopa. Hati za madeni zilihifadhiwa katika kanisa kuu, kama leo mtu anavyoweka kitu benki.

Mwaka 1189 Mfalme Richard wa Kwanza alitawazwa London, na siku hiyohiyo Wayahudi waliokuja na zawadi walishambuliwa. Benedict wa York alijeruhiwa, akabatizwa kwa nguvu, akafa kabla ya kufika kwake. Mfalme akavuka bahari kujiandaa na vita vya msalaba. Mwanzoni mwa 1190 mashambulizi yakaenea mji hadi mji, yakafika York. Nyumba ya Benedict ikavamiwa, mjane wake na watoto wakauawa, mali ikabebwa. Waliobaki, wakiongozwa na tajiri mwenzake Josce, wakakimbilia ngome ya mfalme, mahali ambapo kisheria walipaswa kuwa salama. Siku moja msimamizi wa ngome alitoka nje. Waliomo ndani hawakumwamini tena, wakakataa kumfungulia. Akaenda kwa mkuu wa polisi wa jimbo, naye akaita askari wa mfalme wawazingire watu waliokuwa chini ya ulinzi wa mfalme huyohuyo. Miongoni mwa viongozi wa waliozingira alikuwamo Richard Malebisse, kabaila mwenye deni.

Walipoona hakuna njia, mwanazuoni wao, Rabi Yom Tov aliyetoka Joigny, Ufaransa, aliwaambia ni heri wajitoe uhai wenyewe. Wanaume waliwaua wake na watoto wao, kisha wakauana, na mnara ukashika moto. Wachache waliokataa njia hiyo walitoka asubuhi kwa ahadi kwamba wakibatizwa watasalimika. Waliuawa mlangoni.

Baada ya hapo kundi halikwenda nyumbani kulala. Lilikwenda moja kwa moja kanisa kuu, likawalazimisha walinzi watoe hati za madeni, likazichoma moto palepale ndani ya kanisa. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara hapo ndipo ninapokwama. Ghasia za chuki husimuliwa kana kwamba ni wazimu uliopanda kichwani. Wenye wazimu hawaendi masjala.

Sasa rudisha lile swali. Mnara unaoupiga picha haukuwepo. Ule ulikuwa wa mbao, uliungua, na huu wa mawe ulijengwa katikati ya karne ya 13. Kanisa unaloingia kwa tiketi halikuwepo. Lilikuwa lile la Wanormani, ambalo misingi yake uliiona kule chini kwa Warumi. Makaburi ya Wayahudi wa York, waliorejea baada ya miaka michache na kuishi hapa karne moja zaidi, yalichimbuliwa miaka ya 1980, na leo pale pana maegesho ya magari ya supamaketi. Majengo yote ya tukio hili yametoweka. Kilichobaki ni kilima, na maandishi ya watu kama mwanahistoria William wa Newburgh, mtawa wa jimbo hilo aliyeishi wakati uleule.

Kilichobaki kingine ni utaratibu wa kiofisi. Mfalme alikasirika kwa kuwa deni likichomwa na kodi yake imechomwa. Maofisa wakaondolewa kazini, wakazi wa mji wakatozwa faini, vinara wakakimbia, na hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yenyewe. Lakini mwaka 1194 serikali iliagiza kwamba kila mkopo uandikwe nakala, na nakala itiwe katika sanduku rasmi lenye kufuli zaidi ya moja, katika miji iliyoteuliwa. Somo ambalo dola ilijifunza lilikuwa la kulinda karatasi. Wanaosoma utunzaji wa kumbukumbu, sanduku lenu moja wapo lilizaliwa hapa. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza akawafukuza Wayahudi wote England.

Kwa karibu miaka 800 kilima hakikuwa na neno lolote la kuwataja. Bamba la kumbukumbu liliwekwa mwaka 1978. Maua yale ya manjano yana petali sita, kama ncha za nyota ya Daudi, nayo huchanua karibu na tarehe yenyewe. Wengi wanaokwenda hawajui. Bamba liko chini, kwenye mguu wa kilima, kando ya ngazi. Ukipanda kwa haraka kuwahi picha ya machweo, utalipita.